Dhoruba ya theluji ikikukuta shamba Maine: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wetu tuliofika Maine tulianzia Portland au Lewiston, kwenye nyumba za ghorofa ambako joto linatoka ukutani na hakuna anayeuliza limefikaje pale. Theluji ikianguka, magari ya mji yanasafisha barabara, mwenye nyumba anamwaga chumvi ngazini, watu wanakwenda kazini. Kisha hamu ya ardhi inaanza. Huyu anataka mbuzi, yule anataka mahindi na mchicha kama wenzetu Wabantu wa Somalia wanaolima kwenye mashamba ya Liberation Farms katika mji wa Wales, huku huku Maine, mwingine amechoka tu na kodi ya mjini. Wanahamia shamba mwezi wa sita, miti ikiwa imejaa majani, na nyumba inaonekana nzuri. Hakuna anayewaambia kwamba kisima, tangi la mafuta, dohani na ile njia ndefu ya kuingilia vyote vitakuwa mzigo wao ifikapo Januari.

Mwongozo huu ni wao. Msimamo wangu niuseme mapema: ndani ya nyumba, baridi uliyoiandalia si adui mkubwa. Hatari kubwa ni zile njia tunazozikimbilia kutafuta joto umeme ukikatika usiku wa manane. Kwa hiyo sehemu za moto, moshi na umeme nimeziandika kwa urefu, na sehemu ya mavazi nimeipitia haraka. Mavazi kila mtu dukani atakuelekeza.

1. Ijue nyumba yako mwezi wa kumi

Izunguke nyumba siku yenye jua, ukiwa na mwenye nyumba au jirani mzoefu.

Anza na maji. Shamba, nyumba nyingi zina kisima kirefu, na pampu yake imezamishwa humo chini ikiendeshwa kwa umeme. Umeme ukikatika, maji nayo yamekatika. Kinachobaki ni kiasi kidogo kilichomo kwenye tangi la presha. Kwa mtu aliyekulia na kisima cha kamba na ndoo jambo hili ni la ajabu: kisima kipo uani na huwezi kuchota. Tafuta pia koki kuu ya maji. Ifunge na kuifungua mwenyewe, kisha kila mtu mzima wa nyumba hiyo afanye hivyo hivyo. Bomba likipasuka usiku hutakuwa na muda wa kupiga simu kuuliza koki iko wapi.

Joto nalo lina chanzo chake. Maine inategemea mafuta ya kupashia nyumba kuliko jimbo lolote la Marekani. Tangi la kawaida, linalokaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, ni la galoni 275, yaani lita elfu moja na kidogo, na juu yake kuna kipimo. Agiza mafuta kipimo kikifika robo. Kampuni nyingi hazileti chini ya galoni 100, na siku ya dhoruba lori haliji hata ulipe mara mbili. Kama unaishi kwenye nyumba ya aina ya trela na tangi liko nje, uliza kama linatumia mafuta ya taa, ambayo huku huitwa K-1. Mafuta ya kawaida ya kupashia yakikaa nje kwenye baridi kali hufanya nta na kuziba bomba. Mafuta ya taa huvumilia zaidi.

Mafuta yakiisha usiku, galoni 5 za dizeli kutoka kituo cha mafuta zinaweza kuivusha nyumba hadi asubuhi, kwa sababu dizeli na mafuta ya kupashia ni karibu kitu kimoja. Petroli usithubutu kabisa. Tangi likishakauka, huenda ukahitaji fundi aje atoe hewa iliyoingia kwenye bomba. Kile kitufe chekundu cha kuwasha upya hita kibonyeze mara moja tu. Mtu mwenye baridi hukibonyeza tena na tena, na kila mara mafuta yanamwagika zaidi kwenye chumba cha moto. Yakija kushika, yanashika yote kwa pamoja.

Kama umepanga, jua haki yako: sheria ya Maine inataka nyumba ya kupangisha iwe na mfumo wenye uwezo wa kufikisha nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri za Farenhaiti. Kama kipato ni kidogo, omba msaada wa HEAP, mpango wa serikali wa kusaidia gharama za kupasha nyumba joto, kabla msimu haujachanganya. Kwa maelezo piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usione haya. Majirani zako wengi waliozaliwa hapa wanaomba pia.

Mwisho wa mzunguko, jaribu ving'ora. Kimoja cha moshi, kingine cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, au kifaa kimoja chenye vyote viwili, karibu na vyumba vya kulala na kila ghorofa. Viwe na betri. King'ora kinachotegemea umeme wa ukutani peke yake kinalala usiku ule ule unaokihitaji.

2. Kuni na dohani

Kama nyumba ina jiko la kuni, una bahati. Hita ya mafuta yenyewe inahitaji umeme ili iwake, jiko la kuni halihitaji chochote. Lakini kuni za huku si zile za kuokota leo na kuwasha leo. Huuzwa kwa kipimo kiitwacho kodi (cord, si ile kodi ya nyumba): rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, kama mita za ujazo 3.6. Nunua kuni zilizopasuliwa na kukaushwa. Za mti mgumu kama mwaloni huhitaji mwaka mzima au zaidi kukauka vizuri. Kuni kavu zina nyufa kwenye ncha, ni nyepesi, na ukizigonga moja kwa nyingine zinalia. Mbichi hutoa sauti ya kuziba. Muuzaji akikuambia Novemba kwamba kuni zimekauka, zigonge.

Ubaya wa kuni mbichi hauishii kwenye moshi. Mvuke na moshi wake hupoa ndani ya dohani na kuacha utando mweusi kama lami, na utando huo siku moja hushika moto. Moto wa dohani huunguruma kwa kishindo na unaweza kuingia darini kabla hujajua. Mwite fundi asafishe dohani kila mwaka kabla ya msimu.

Majivu yana mtego wake. Makaa yaliyofunikwa na majivu hubaki hai kwa siku kadhaa. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko wa chuma, uiweke nje mbali na ukuta, si kwenye veranda ya mbao, na kamwe si kwenye mfuko wa karatasi au ndoo ya plastiki. Yakishapoa kabisa yana kazi nzuri: nyunyiza kwenye njia yenye barafu, hayatelezi.

3. Dhoruba ikitangazwa

Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina ofisi mbili Maine, moja Gray na nyingine Caribou, na matangazo yao hufika kwenye simu yako. Watch maana yake dhoruba inawezekana: anza kununua na kujaza. Warning maana yake inakuja au imeshafika: usitoke tena bila sababu kubwa. Angalia pia aina ya dhoruba, si inchi za theluji peke yake. Theluji kavu ya baridi kali ni nyepesi, inapeperuka, haina shida sana na nyaya. Inayokatisha umeme ni ile nzito yenye maji, na mvua inayoganda kwenye matawi. Januari 1998 mvua ya namna hiyo iliangusha nyaya na miti jimbo zima; zaidi ya nusu ya watu wa Maine walikosa umeme, na wengine walikaa gizani zaidi ya wiki mbili. Wazee wa vijijini bado wanaipima kila dhoruba kwa ile.

Ukiwa bado na umeme, fanya haya kwa mpangilio huu. Jaza maji kwanza: ndoo, sufuria, madumu, na beseni la kuogea kwa ajili ya choo. Weka lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku, angalau za siku 3, pembeni na zile za choo. Ndoo moja ikimwagwa kwa nguvu ndani ya bakuli la choo inakisafisha bila tangi. Kama kuna mtoto mdogo, beseni lililojaa mlango wake ufungwe.

Chaji simu zote na betri za akiba. Pika chakula kinacholiwa hata bila kupashwa sana: maharage, chapati, mayai ya kuchemsha. Ingiza kuni za siku 2 ndani. Sogeza gari karibu na barabara, lakini si barabarani, kwa sababu gari la kusafisha theluji lina haki ya kupita na litalizika. Weka beleshi ndani ya nyumba, kwa sababu beleshi lililobaki bandani halitakusaidia kufika bandani.

Patana na mtu wa kusafisha njia mapema. Shamba kuna wenye magari ya pikapu yenye bamba la chuma mbele, na unalipa kwa kila dhoruba au kwa msimu mzima. Wakishajaza orodha yao mwezi wa kumi na moja hawaongezi mtu. Chomeka fito ndefu pande zote mbili za njia kabla ardhi haijaganda, ili asikwangue bustani yako au kugonga mfuniko wa kisima.

4. Mavazi, kwa kifupi

Tabaka tatu: ya ndani iliyobana ya sufu au polista, ya kati nzito, ya nje isiyopitisha upepo. Pamba ikilowa jasho inakaa baridi mwilini, kwa hiyo fulana na soksi za pamba ziache za kuvaa karibu na hita. Kitenge kinafaa sana shingoni na kiunoni juu ya tabaka la kati. Mabuti yawe na nafasi ya vidole kucheza. Buti linalobana linazuia damu na mguu unaganda haraka. Kwa watoto chukua glavu za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, na uwe na jozi ya pili kavu. Ya kwanza italowa kabla ya adhuhuri.

5. Beleshi

Usingoje dhoruba iishe. Kama itaanguka futi moja na nusu, toka mara tatu kuondoa nusu futi kila mara. Theluji iliyolala usiku kucha inashikana na kuwa nzito, na magari yakiikanyaga inakuwa barafu.

Kazi hii inaangusha watu kwa mshtuko wa moyo kila mwaka, hasa wenye umri, presha, au waliokaa bila mazoezi. Baridi inabana mishipa wakati huo huo mikono inanyanyua mzigo. Sukuma theluji badala ya kuibeba. Ukilazimika kuinua, jaza nusu ya beleshi na kunja magoti. Usianze mara baada ya kula sana. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au mkono ukiuma, acha beleshi hapo hapo na piga 911. Mzee wa nyumba asiachiwe kazi hii kwa sababu tu ameisimamia kwa heshima; vijana wapo.

Kuna mpangilio wa kusafisha. Kwanza milango, hasa inayofunguka nje. Pili mabomba ya kutolea moshi: hita nyingi za kisasa za gesi na za mafuta hutoa moshi kwa bomba linalotoka ukutani karibu na ardhi. Theluji ikiliziba, hita inajizima au moshi unarudi ndani. Ondoa theluji kulizunguka, na tena upepo ukiigeuza. Tatu, njia ya kwenda kwenye tangi la mafuta au la gesi, maana dereva anayeleta mafuta hatapanda kilima cha theluji. Gari ndilo la mwisho.

Mwanzoni mwa msimu sukuma theluji mbali kabisa na ukingo wa njia, hata kama unaona nafasi imebaki. Ukiiacha ukingoni, kila dhoruba inaifinya njia, na Februari gari halipiti. Usiitupe wala kuivusha barabara ya umma; sheria inakataza, na rundo hilo linaweza kumuua dereva anayekuja usiku. Gari la kusafisha barabara litakuachia tuta gumu mbele ya njia yako baada ya wewe kumaliza. Halikukusudia. Safisha nafasi ya ziada upande linakotokea gari hilo, litatua mzigo wake pale kabla ya kufika kwako.

Chumvi ya mawe hufanya kazi hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi. Baridi ikizidi hapo unamwaga pesa. Tumia mchanga au yale majivu. Juu ya barafu tembea kama bata: hatua fupi, nyayo bapa, mikono nje ya mifuko.

Paa la bati husubiri jua litoke, kisha linaachia theluji yote kwa mara moja. Usisimame chini ya ukingo wake, na watoto wasichezee hapo. Pia wasichimbe mapango kwenye matuta ya kando ya barabara. Dereva wa gari la kusafisha hawezi kumwona mtoto aliye ndani. Ziwa au bwawa karibu na nyumba ni marufuku mpaka mtu anayejua apime unene, na kwa mtu kutembea wenyeji wanataka barafu ngumu, safi, isiyopungua inchi 4.

6. Umeme ukikatika

Hapa ndipo mwongozo huu ulipo hasa.

Jiko la mkaa haliingii ndani. Wala gereji, wala veranda iliyofungwa, wala karibu na dirisha lililoachwa wazi kidogo. Najua nyumbani tumepika kwa mkaa maisha yetu yote. Nyumba zile zilipumua: mlango wazi, upenu, mwanya kati ya ukuta na bati. Nyumba ya Maine imezibwa kwa makusudi isipitishe hewa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi; mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu na usingizi, anaona ni uchovu, analala. Familia nzima wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, au mtu akitoka nje akapata nafuu, msitafute dawa. Tokeni wote na mpige 911. Onyo hilo linahusu pia jiko la gesi la kambi, na kuwasha oveni ya gesi na kuiacha wazi ili ipashe chumba.

Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea kusiko na mlango wala dirisha. Gereji yenye mlango wazi bado ni ndani. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili kuiwasha nyumba nzima: umeme huo hurudi kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi anayezitengeneza. Tumia waya wa nje mnene kwenda kwenye kifaa chenyewe, au mwite fundi umeme afunge swichi maalumu kabla ya msimu. Izime na ipoe kabla ya kuongeza petroli.

Baada ya hayo, chagua chumba kimoja. Chenye jiko la kuni kama lipo, au chenye madirisha ya kusini ambako jua huingia mchana. Ziba milango kwa mablanketi na vitenge, tandika magodoro sakafuni juu ya mkeka au zulia, na wote walale humo. Nyumba za watu wengi wakati huu zina faida. Tumieni tochi, mshumaa kwenye chumba chenye vitambaa vilivyoning'inia ni balaa. Hita ndogo ya umeme, umeme ukirudi, ikae mita moja kutoka kwenye kitu chochote kinachoungua na ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea.

Jokofu usilifungue. Likifungwa linatunza baridi saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Watu hutoa nyama wakaizika kwenye theluji. Jua la mchana hulipasha rundo hilo, na mbweha ana pua. Afadhali jaza chupa maji, zigande nje usiku, kisha uziingize kwenye jokofu kama mabarafu.

Maji ya akiba yakiisha, theluji safi inayeyushwa. Weka maji kidogo kwanza chini ya sufuria, la sivyo theluji kavu inaunguza sufuria na kutoa ladha mbaya. Ndoo kumi za theluji laini hutoa kama ndoo moja ya maji, kwa hiyo usitegemee njia hii kwa kufua. Ya kunywa lazima yachemke.

Mabomba huanza kuganda yale yaliyo kwenye kuta za nje na chini ya sinki. Fungua milango ya makabati ili joto liingie. Kama pampu bado inafanya kazi, acha bomba lidondoshe maji membamba usiku wa baridi kali. Usishushe joto la nyumba chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, kama 13 za Selsiasi, hata mkisafiri. Bomba likiganda, fungua mdomo wake, kisha lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia karibu na mdomo na kurudi nyuma. Moto wa wazi hapana. Kama nyumba imepoa kiasi cha kuganda na mnaondoka kwenda kwa ndugu, zima pampu, funga koki kuu, fungua mabomba yote yaishe maji.

Na kuondoka kwenda kwa ndugu si aibu. Miji mingi hufungua kituo cha kujipashia joto, 211 watakuelekeza. Nendeni kungali mchana. Desemba jua huzama saa kumi jioni na dakika chache tu, na giza la shamba halina taa za barabarani.

7. Mbuzi na kuku

Mbuzi mzima, mkavu, asiyepigwa na upepo, anavumilia baridi kuliko wewe. Kinachomuua ni unyevu, upepo na kiu. Banda liwe na pande tatu zilizozibwa na mwanya juu wa kutolea mvuke. Tandika mabua makavu kwa wingi na uongeze juu bila kuondoa ya chini. Tabaka la chini linaoza taratibu na kutoa joto. Chakula cha joto ni nyasi kavu: zikichachuka tumboni zinampasha mbuzi toka ndani. Siku ya baridi kali ongeza nyasi jioni, si nafaka. Maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, na uyamwage kabla hayajaganda kwenye chombo.

Kuku nao wakifungiwa bila hewa, mvuke wa pumzi zao huganda kwenye undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, na kuikausha. Acha mwanya wa hewa juu ya usawa wa vichwa vyao. Mayai yaokote upesi, yakiganda yanapasuka. Taa ya joto sipendi na sishauri. Imechoma mabanda mengi mno. Nyasi kavu, vumbi na taa ya moto havikai pamoja. Kutaga kutapungua kwa sababu mchana ni mfupi. Ndivyo kuku walivyo, usiwakasirikie.

8. Barabarani

Ushauri bora ni kutotoka. Shule ikifungwa, utapata ujumbe alfajiri. Hakikisha ofisi ya shule ina namba yako sahihi.

Ukilazimika, funga matairi ya theluji, manne, si mawili. Safisha gari lote pamoja na paa, maana bamba la barafu likiruka linavunja kioo cha aliye nyuma. Kioo usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Tangi la petroli lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari weka blanketi, beleshi fupi, mfuko wa mchanga, maji na kitu cha kula. Madaraja huganda kabla ya barabara. Gari likiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na geuza usukani kuelekea unakotaka kwenda. Kama lina breki za ABS kanyaga na ushikilie, usipampu.

Ukinasa njiani kwenye dhoruba, kaa ndani ya gari. Toka tu kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, na urudie kila ikijaa. Washa injini kama dakika 10 kila saa, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena au mlango.

9. Mwili ukishindwa

Ngozi ikianza kuganda inakufa ganzi kwanza, kwa hiyo mtu hasikii maumivu. Vitabu vingi vinasema itakuwa nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi tazama mahali palipopauka, palipopata rangi ya kijivu au pagumu kama nta, hasa masikio, pua na vidole. Usisugue, na ule ushauri wa kusugua kwa theluji usiusikilize. Ingiza kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko kinayavumilia bila shida, si karibu na moto, kwa sababu penye ganzi huwezi kujua kuwa unaungua.

Mtu anayetetemeka sana, anayejikwaa maneno, aliyechanganyikiwa au anayesinzia, joto la mwili wake linashuka. Chini ya nyuzi 35 za Selsiasi ni dharura: 911. Mkisubiri, mvue nguo zenye maji, pasha kifua, shingo na kichwa kwanza kwa mablanketi makavu au mwili wa mtu mwingine, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza. Pombe hapana. Mtoto mchanga anaweza asitetemeke kabisa. Dalili yake ni ngozi baridi na kulegea.

10. Siku inayofuata

Jua likitoka watu hutaka kulala. Kwanza soma kipimo cha mafuta na uagize, maana kijiji kizima kitapiga simu siku hiyo. Jaza tena ndoo na madumu. Kausha mabuti kwa kutoa soli za ndani, mbali kidogo na jiko. Zunguka nyumba uone mabomba ya moshi, mibarafu inayoning'inia juu ya mlango, na matawi yaliyolemea waya. Waya ulioanguka usiusogelee hata ukionekana umekufa.

Mtembelee jirani mzee, au angalau tazama kama moshi unatoka kwenye dohani yake. Naye huenda anatazama wako. Halafu safisha mbele ya sanduku la barua, pande zote mbili, kiasi cha gari la posta kusogea na kuondoka bila kurudi nyuma. Likikuta tuta, linapita, na barua ya HEAP au ya uhamiaji uliyokuwa ukiisubiri inarudi nayo hadi kesho.